Jamani, mlima haupakwi poda

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Nimetoka chumba cha jirani hapa hosteli, nimemwacha mshikaji wangu anasifiwa na kundi zima kwa picha ya Kilimanjaro aliyoipiga likizo kule Moshi. Anga zambarau, theluji imeshuka karibu ifike kwenye migomba, na Mawenzi iko kushoto. Kushoto! Ukisimama Moshi unaiona Mawenzi kulia kwa Kibo. Namuuliza, ananijibu, "Niliigeuza tu, ikakaa vizuri zaidi." Yaani kwa kugusa kioo mara moja kauhamishia mlima upande wa Amboseli, Kenya, ambako kweli Mawenzi huonekana kushoto.

Mtasema huyu naye na ualimu wake, picha tu hiyo. Ngojeni niwape kisa. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja chini ya mlima huohuo, Jiografia kidato cha pili. Nikaingia na picha niliyoitoa mtandaoni, nzuri ajabu, Kibo nyeupe mpaka mabegani. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, huo ni mlima gani?" Darasa zima likageukia dirishani. Mlima wenyewe ulikuwa pale umetulia, na weupe wake mdogo tu kileleni. Sikuwa na jibu. Nikageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85. Theluji mpya huanguka, ndiyo, mlima ukawa mweupe siku chache, kisha ikayeyuka. Ile barafu ya kale ndiyo inayokwisha. Sasa sisi tunaoirudisha kwa kidole tunawaambia wadogo zetu kwamba hakuna kilichopotea.

Najua utetezi wenu: picha ni sanaa, hata mabingwa walihariri. Kweli kabisa. Mmarekani Ansel Adams alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, akaichapa mara nyingi, na miaka ilivyokwenda akaizidisha anga giza. Lakini mwezi ulikuwepo, kijiji kilikuwepo, misalaba ya makaburini ilikuwepo. Alicheza na mwanga tu. Jarida la National Geographic lilipozisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta mwaka 1982, ili picha ya mlalo iingie kwenye jalada la wima, lilipata lawama ambazo mpaka leo hazijasahaulika. Mwanga cheza nao upendavyo, piramidi ziache zilipo.

Kinachoniudhi zaidi, picha ya mshikaji haikuhitaji uongo wowote. Ilihitaji aamke! Kibo mara nyingi huwa wazi alfajiri na jioni, katikati wingu limeshaifunika. Yeye kapiga saa tano, jua kali, mlima bapa kama chapati. Angetoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua linapanda upande wa Mawenzi, kila bonde lina kivuli na mlima una umbo. Angesogea hatua ishirini aweke mgomba au kijia mbele, jicho lipate pa kuanzia. Asingeuweka upeo katikati kama anayegawa keki. Ardhi ingechukua theluthi ya chini, mlima na anga vikabaki na nafasi yao.

Halafu ndipo ahariri: anyooshe upeo, akate pembeni ile nguzo ya umeme, ainue vivuli kidogo, apunguze ukungu, akoze rangi kwa kiasi. Akiona migomba inawaka kama taa za disko, arudi nyuma.

Kipimo changu ni kimoja. Mwonyeshe picha bibi anayeishi pale. Akisema "huku ni kwetu", umehariri. Akikuuliza "ni wapi huku mjukuu wangu?", umedanganya.

Mshikaji kaninunia, usiku huu hatukula pamoja. Atapoa tu. Ila naye anasomea ualimu kama mimi, na mwakani atapelekwa mazoezi. Namwombea asipangiwe Moshi.

Nawasilisha. Kesho nina tesiti na sijagusa hata ukurasa.