Antene ya kusema "alo" isihesabiwe kuwa intaneti

KISANGANI – Ukitoka Makiso na moto, ukavuka mto Tshopo na kushika barabara ya Banalia, simu inaanza kubadilika mfukoni. 4G inakuwa 3G. Kisha inabaki herufi E. Kisha hakuna kitu. Mbele kidogo, kwenye kilima ao juu ya kichuguu, kuna watu wamesimama na mkono mmoja hewani. Hawaombi Mungu. Wanatafuta rezo.

Kichuguu cha namna hiyo kiko kwenye barabara ya Opala, ya Ubundu na ya Bafwasende pia. Wakaaji wanakijua vizuri, maana ndiyo "cabine" yao. Pale mwalimu anangoja mesaje ya mshahara. Pale mama anampigia mtoto wake anayesoma UNIKIS. Na pale pale muuguzi wa kituo cha afya anajaribu kutuma ripoti ya mwezi, inakataa mara tatu, mwishowe anaiandika kwenye karatasi na kumpa mtu wa moto aipeleke kwenye ofisi ya zone ya afya.

Lakini mtu aliyekaa Kinshasa akifungua ramani, kijiji hicho kinaweza kuwa kimepakwa rangi. Rangi inasema: "kuna rezo". Hapo ndipo uongo unaanzia. Rezo ya kusema "alo" ni kitu kimoja, intaneti ni kitu kingine. Raia wa Tshopo anahesabiwa kuwa amepata vyote viwili wakati amepata kimoja, tena kwa nusu.

Hii si hasira ya bure, ni jambo la ufundi ambalo kila mtu anaweza kulielewa. Antene ya 2G ilitengenezwa kwanza kwa kubeba sauti. Njia yake moja inagawanywa vipande vinane, na kila anayezungumza anachukua kipande chake. Kwa kawaida sauti inapita mbele, intaneti inapewa makombo. Jioni, saa ambayo kijiji kizima kinapigia ndugu Kisangani, makombo hayabaki.

Tufanye hesabu ya darasani. Picha moja ya mega 3, ikitumwa kwa mwendo wa kilobiti 40 kwa sekunde, inaomba dakika 10 bila kukatika. Rezo ikikatika kwenye dakika ya nane, mara nyingi picha inarudi mwanzo, na mega zilizokwisha kuliwa hazirudi. Wa kijijini anatumia pesa nyingi kuliko wa mjini ili apate kidogo kuliko wa mjini.

Tena antene nyingi ndogo za vijijini hazina waya nyuma yake. Zinaishi kwa jua na betri, na zinarusha maneno juu kwa setilaiti kupitia sahani ndogo. Njia ya setilaiti ni ghali, kwa hiyo inanunuliwa ile ya kutosha sauti na mesaje. Mvua ikikaa siku mbili juu ya pori letu, betri inalegea na kijiji kinazimika. Na miti yenyewe inakula mawimbi. Kwa kanuni antene ya 2G inaweza kufika kilomita 35, ila katika pori nzito la Tshopo haifiki hata karibu na hapo.

Wazee wa Kisangani watakumbuka waya za OCPT, shirika ambalo leo linaitwa SCPT. Simu ya nyumbani ilikuwa alama ya mtu mkubwa. Zaire ilivyoanguka na vita vikapita hapa, waya hizo zilikufa. Hata zingekuwa hai leo, zisingemwokoa mtu wa kijijini: waya wa shaba ukipita kilomita 5 hivi kutoka kwenye kituo cha simu, intaneti inachoka njiani. Wazungu wenyewe wamelia na waya hizo kwenye mashamba yao. Tofauti ni kwamba Uingereza iliandika namba kwenye sheria: tangu mwezi wa tatu 2020, nyumba ina haki ya kuomba laini ya megabiti 10 kwa sekunde. Raia ana namba ya kumshika nayo anayemdanganya.

Sisi namba yetu ni ngapi? Nchi ina sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 2020 juu ya mawasiliano. Sheria hiyo inataja huduma kwa wote, na kuna mfuko wake, FDSU, ambao kazi yake ni kupeleka mawasiliano pale ambapo biashara inaogopa kwenda. Neno "wote" ni tamu masikioni. Lakini mwanakijiji wa Isangi ao wa Basoko anataka kujua: nikisimama mlangoni kwangu, wala si juu ya kichuguu, nina haki ya kupata nini, na lini?

Kuna wanaosema raia wa kijijini hajalipia. Wamesahau RAM. Kuanzia mwezi wa tisa 2020, yuniti zilikuwa zinakatwa kwenye simu za Wakongo: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na kwenda juu. Kiwango kilifuata simu, hakikufuata antene. Mtu mwenye simu ya 3G chini ya antene ya 2G alikatwa kama mtu wa Gombe. Kelele za raia na wabunge ndizo zilizofanya mzigo huo uondolewe mwaka 2022. Kwa hiyo kulipa, raia alilipa. Kilichokosekana ni kitu cha kumwonyesha.

Kampuni za simu nazo zina maneno yao, na si yote ya uongo. Barabara ni mbovu, mafuta yanapanda mtumbwi, wakaaji wamesambaa, mfuko wao ni mwepesi. Jimbo lenye karibu kilomita mraba 200,000, zaidi ya mara tatu ya Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja, si rahisi kulifunika. Sawa. Lakini mfuko wa huduma kwa wote uliundwa kwa sababu hiyo hiyo. Ugumu wa barabara hauwezi kuwa sababu ya kuunda mfuko na tena sababu ya mfuko kutoonekana kijijini.

Wengine wanasema tatizo limekwisha, kwa kuwa Starlink ilipewa ruhusa tarehe 2 mwezi wa tano 2025, mwaka mmoja baada ya kukatazwa. Ni hatua, isidharauliwe. Ila tuangalie mfuko wa raia. Umoja wa Mataifa, kupitia kamisheni yake ya intaneti, uliweka lengo kwamba intaneti ya kuanzia isipite asilimia 2 ya pato la mwezi. Kwa Mkongo mwenye pato la kama dola 50 kwa mwezi, hiyo ni dola 1. Sahani ya setilaiti inaomba mamia ya dola kabla ya bili ya mwezi, na inaomba umeme. Kwa nyumba moja ya Opala ni ndoto. Kwa kituo cha afya, shule na ofisi ya groupement wakishirikiana, inawezekana, lakini hapo tena tunauliza: nani analipa, kama si ule mfuko?

Majirani wameonyesha njia. Mwezi wa tano 2023, mjini Dodoma, Tanzania ilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Pamoja na hiyo, minara 304 iliyokuwepo ikapangwa kuongezewa nguvu kutoka 2G kwenda 3G na 4G. Ona vitu viwili. Kwanza, kata zilihesabiwa na kutajwa, kwa hiyo mkaaji anaweza kusema "kata yetu iko ndani, mnara uko wapi?" Pili, serikali ilikubali hadharani kwamba 2G haitoshi. Haikuipaka rangi kwenye ramani na kwenda kulala.

Na asiseme mtu kwamba intaneti ni mchezo wa vijana wa Facebook. Mwaka 2017 Ebola ilitokea Likati, Bas-Uélé, kwa majirani zetu wa kaskazini. Mgonjwa wa kwanza kushukiwa alionekana tarehe 22 mwezi wa nne. Maabara ya INRB Kinshasa ilithibitisha tarehe 11 mwezi wa tano, karibu wiki tatu baadaye. Barabara ilichelewesha, na ukosefu wa mawasiliano ulichelewesha. Watu wanane waliugua, wanne wakafa. Mungu alisaidia ugonjwa haukushuka Buta na kufika Kisangani. Je, tunangoja ushuke ndipo ripoti ya muuguzi iache kupanda moto?

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja muujiza. ARPTC, ambayo ndiyo msimamizi, itangaze orodha ya antene za Tshopo, groupement kwa groupement, na iandike kila moja inabeba nini: sauti tu, ao intaneti ya kweli, kwa mwendo gani. FDSU itangaze ni vijiji gani vya jimbo hili viko kwenye mpango, na ianze na vituo vya afya na shule za sekondari. Na anayeuza forfait ya intaneti pale ambapo antene ni ya sauti alazimishwe kusema ukweli kabla ya kuchukua pesa.

Kikao cha bajeti cha bunge la taifa kinafunguliwa tarehe 15 mwezi wa tisa, kama Katiba inavyosema. Wabunge wa Tshopo waliomba kura kwenye vijiji hivyo hivyo. Wanajua kichuguu kiko wapi, maana nao walikipanda wakati wa kampeni ili wapigie Kinshasa. Wamsimamishe waziri na kumuuliza swali moja tu: katika Tshopo, ni vijiji vingapi vyenye intaneti, na vingapi vyenye "alo"? Akijibu kwa namba moja, wajue hajajibu.