NUSU LITA YAKO, SHANGINGI LAO!

Serikali ina njia rahisi ya kumfikia kijana wa Nguvumali: kituo cha mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, na humo ndani fungu la wakubwa limeshakatwa kabla hujapiga kiki. Mwaka 2021 tozo ya barabara iliongezwa shilingi 100 kwa lita, ikatoka 313 ikawa 413. Mwaka 2023 wakabandika 100 nyingine, ati ya miradi ya kimkakati. Meli za mafuta zinashushia hapa hapa bandari ya Tanga, lakini mlalahoi hana alichoulizwa zaidi ya "niweke ya shilingi ngapi?"

Hayo tutapambana nayo. Lakini jamani vijana, tuambiane ukweli kijiweni. Tajiri hajali mafuta, anachotaka ni hesabu yake jioni. Mafuta yanatoka mfukoni mwako. Tone linaloungua bure ni lako, na wengi wetu tunalichoma kwa makusudi!

Mtazame bodaboda anayewahi abiria wa kwenda Bombo. Anafungua mafuta yote, hatua chache mbele breki, tena resi, tena breki. Ile nguvu aliyoinunua kwa jasho imegeuka joto kwenye breki, basi. Ukiona watu wanavuka mbele, achia mafuta mapema, acha chombo kijiendee chenyewe kikiwa ndani ya gia. Ondoka taratibu, panda gia mapema bila kuilazimisha injini ikorome.

Halafu mbio. Barabara ya Pongwe, ukitoka spidi 60 kwenda 80 (trafiki na faini yake tumweke kando), upepo unaokusukuma kifuani unaongezeka karibu robo tatu. Unachopata? Sekunde 15 kwa kila kilomita. Hizo abiria wako anazimaliza akitafuta chenji.

Kusubiri abiria injini ikinguruma nao ni ushamba. Kama unakaa zaidi ya nusu dakika, zima. Tairi laini linakula mafuta, na upepo ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote gereji. Mnyororo mkavu, ea klina iliyojaa vumbi, vyote vinalipiwa kituoni. Na fundi anayekufungulia kabureta "ivute vizuri" anakufungulia mfuko.

Wenye magari, acheni mchezo wa gia huru kwenye mteremko. Tanga mjini ni tambarare, lakini mkishuka Lushoto mnafanya. Gari la siku hizi lenye mfumo wa sindano hukata mafuta lenyewe ukiachia pedali likiwa ndani ya gia. Ukiweka gia huru linaanza tena kunywa ili injini isizime, na breki unaziachia mzigo wote peke yake. Unatafuta mia mbili, unakuta jeneza.

Chukulia lita ni shilingi 3,000 na unaokoa nusu lita kwa siku. Siku 26 ni shilingi 39,000. Hiyo ni kodi ya chumba kwa baadhi yetu, au ada ya leseni ambayo kila siku unaikimbia.

Sasa turudi kwa wakubwa, maana wao ndio mabingwa wa kutuhubiria kubana matumizi. Umewahi kupita nje ya ukumbi wa semina? Mashangingi yamepangwa, injini zinanguruma saa nzima, dereva amelala ndani ya kiyoyozi, mheshimiwa yuko ndani anazungumzia umaskini. Yale mafuta hayatoki mfukoni mwake. Yanatoka kwenye kodi yako, pamoja na zile shilingi unazokatwa kila lita.

Wewe unazima pikipiki ukisubiri abiria wa buku. Mheshimiwa naye amwambie dereva wake azime V8. Ufunguo ni ule ule, unazungushwa kwa vidole viwili.