Sirari: kuku anakula dagaa, mtoto anapewa mchuzi



Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani Sirari. Kwa wasiopafahamu, ni pale lami inayotoka Mwanza kupitia Musoma na Tarime inapoishia. Ukivuka geti uko Isebania, Kenya. Sisi waandishi wa habari tunaijua Sirari kwa mambo manne tu: magendo, bangi, ukeketaji na koo kupigana. Peleka mojawapo ya hayo kwa mhariri, utapewa nafasi hata kabla hujamaliza kuandika. Mimi safari hii nilirudi na habari ya chakula cha watoto wa chekechea. Nikaulizwa, "Mura, nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana naiandika hapa.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza mpwa wangu shule. Ana miaka minne na nusu. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa amemfungia kwenye kikopo kiazi kitamu cha kuchemsha na kipande cha parachichi. Mlangoni mwalimu akafungua kikopo, akacheka, akamwambia mtoto mbele ya wenzake kwamba chakula cha shamba kinabaki nyumbani. Kisha akanigeukia kwa heshima zote: "Mjomba, mnunulie tu juisi na biskuti hapo dukani. Wenzake wote wanakuja na hivyo."

Nikachungulia mikoba ya wenzake. Kweli! Soda, juisi za rangi ambayo hakuna tunda duniani lenye rangi hiyo, biskuti, kripsi za pakiti. Mmoja alikuwa na andazi na chai ya rangi kwenye chupa ya maji.

Na mimi nikafanya nini? Nikaenda dukani, nikanunua. Msomi mzima wa chuo kikuu, ninayejifanya kuwakosoa mawaziri kila wiki, nimeshindwa kumjibu mwalimu wa chekechea sentensi moja. Kiazi kikarudi nyumbani jioni kimepondeka. Kesho yake bibi alipompa kingine, mtoto akasukuma sahani. "Hiyo ya shamba, Bibi." Mama yangu hakusema neno. Alinitazama mimi.

Sasa tupige hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku kutoka kwenye chakula. Kwa mtoto wa miaka minne, hiyo ni kama gramu 30 na kidogo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi, karibu vijiko vidogo tisa. Ameshavuka kiwango cha siku nzima saa nne asubuhi, kabla hajagusa biskuti. Halafu mchana hana njaa. Mama yake anasema, "Huyu mtoto hapendi kula." Atapendaje, wakati tumbo lake dogo limeshajaa maji ya sukari?

Najua mtakachosema. Mtasema ni umaskini. Nimelisikia jibu hilo kwenye kila semina ambayo nimewahi kulipwa posho kuhudhuria. Lakini kwa bei ya soda na pakiti ya biskuti, Sirari unapata yai, ndizi na maziwa kidogo. Anayenunua soda siyo asiye na hela. Maskini wa kweli ndiye yule wa andazi na chai ya rangi, na hata yeye shida yake tunaikuza wenyewe, maana chai inazuia mwili usichukue vizuri madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, sisi tunawanywesha chai tangu hawajaota meno yote.

Na kama tatizo lingekuwa ukosefu wa chakula tu, basi Iringa, Njombe na Rukwa zingekuwa zinaongoza kwa watoto wenye afya. Ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Utafiti huo huo wa 2022 ulikuta watoto waliodumaa ni asilimia 30 kitaifa, lakini Iringa ni karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50. Iringa hiyo hiyo, ambako miaka ya 1980 kulikuwa na mpango wa lishe uliosifiwa duniani, watoto wakipimwa uzito vijijini na kijiji kizima kukaa kujadili matokeo. Ghala kujaa ni jambo moja, na sahani ya mtoto ni jambo jingine.

Turudi kwetu. Simama barabarani Sirari siku ya soko uangalie. Ndizi za Tarime zinapanda magari kwenda Kenya. Mahindi yanavuka. Mayai, kuku, parachichi, vyote vinapita. Nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye mikungu ya ndizi, anauza, na mwanawe pembeni anamumunya pipi ya kijiti. Nikamuuliza kwa nini asimpe ndizi. Akacheka sana. "Ndizi ni za kuuza, baba." Sikumlaumu. Ile ndizi ndiyo daftari na kodi ya nyumba. Ila pipi nayo imenunuliwa kwa hela ya ndizi!

Dagaa ndiyo inayoniuma zaidi. Ziwa Victoria tunalo hapo chini. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inaishia kwenye chakula cha kuku na mifugo mingine. Kuku analishwa dagaa anataga yai, yai linauzwa, na mtoto wa mwenye kuku anapewa ugali na mchuzi. Samaki mzima mwenye protini na madini, anayeliwa na mifupa yake, tunamwona ni chakula cha kuku au cha wanafunzi wa bweni. Saga dagaa safi waliokauka vizuri, weka kijiko kwenye uji au mboga ya mtoto. Hiyo haihitaji mfadhili.

Na hapa niseme jambo ambalo wazee wangu hawatalipenda. Kwetu Ukuryani, nyama ikipikwa, kila mtu anajua mnofu unakwenda kwa nani. Baba kwanza, wageni, vijana wa kiume wakubwa, na watoto wadogo wanachovya mchuzi. Mchuzi ni maji yenye harufu ya nyama, jamani. Halafu wanawekewa sinia moja. Umewahi kumwangalia mtoto wa miaka mitatu akila sinia moja na kaka yake wa miaka tisa? Mdogo anapuliza tonge la kwanza lipoe, mkubwa yuko la sita. Sinia likiisha tunasema wote wamekula. Mtoto wa umri huo awe na kibakuli chake, ili mama aone kilichoingia tumboni. Na ale mara tatu, na kitu kidogo katikati, kwa sababu tumbo lake haliwezi kubeba mlo wa mkulima.

Baba kumwekea mtoto kipande cha nyama yake hakupunguzi uanaume. Nimeshatukanwa kwa sentensi hii kwenye baa moja pale pale Sirari, kwa hiyo msinitukane mara ya pili.

Wengine watasema siku 1,000 za kwanza zimeshapita, wa miaka minne ameshachelewa. Kweli, udumavu wa kabla ya miaka miwili ni mgumu kuurudisha nyuma. Lakini umri huu wa chekechea ndipo ulimi unapojifunza. Mtoto anaweza kukataa mgagani au mchicha leo na kesho, akaja kuukubali mara ya kumi, akiona na wakubwa wanakula. Ukimkaba kwa kiboko anauchukia. Ukimwambia "maliza mboga nikupe pipi", umemfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ni zawadi. Mwalimu wa mpwa wangu alimfundisha somo la namna hiyo kwa kicheko kimoja tu.

Kuna na hili la unga wa lishe, nalo tuliangalie. Mitaani unauziwa mchanganyiko wa mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, na karanga juu yake, ukiambiwa ni "virutubisho saba". Hizo tano za kwanza zote ni nafaka, ni ukoo mmoja. Karanga zikisagwa pamoja na kukaa wiki kadhaa, unga unachacha, na zikiwa mbovu zinaleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Uji wa ulezi wa bibi zetu, maziwa yakiongezwa jikoni siku ile ile, unatosha na unazidi. Ulezi ukioteshwa kimea kwanza, uji hauwi mzito sana, na mtoto anakunywa wenye nguvu zaidi.

Shule za serikali nako? Ada zilifutwa kuanzia Januari 2016, jambo zuri, lakini chakula kilibaki mzigo wa wazazi. Pale wazazi walipokubaliana, mtoto wa awali anapata uji. Pale waliposhindana kikaoni, anarudi nyumbani saa sita juani na tumbo tupu. Nimehudhuria kikao kimoja cha namna hiyo. Walioongea ni wanaume, na waliopika uji maishani mwao hawakuwa miongoni mwa walioongea. Mtu aliyekataa kutoa debe la mahindi alikuwa amevaa saa inayometa kama kioo cha basi.

Chekechea ya mpwa wangu ni ya kulipia, kwa hiyo hapo hakuna kisingizio cha serikali. Wanaweza kesho asubuhi kuandika barua ya mistari miwili: soda, juisi za paketi na biskuti marufuku, leteni ndizi, kiazi, yai, maziwa, chungwa. Haigharimu kitu. Mwenye duka la mlangoni ndiye atakayelia, naye akiuza ndizi hatafilisika.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nimemwambia dada yangu nitakwenda mimi badala yake. Bibi ameniahidi kiazi cha kubeba, na safari hii nitakila mimi mwenyewe, mbele yao.