Sensa haifundishwi ubaoni

Ndugu na dada, vijana wa Kolwezi na wa Lualaba yote,

Mwaka wetu wa mwisho kwa chuo, tulifanya mtihani juu ya intaneti ya vitu. Swali la kwanza: eleza sensa ni nini. La pili: chora njia ya data kutoka kwa sensa mpaka kwa seva. Tulichora vizuri, tulirudisha maneno ya silabusi bila kukosa hata koma. Wengine wetu tulipata 16 kwa 20. Lakini mpaka siku ile, hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kushika sensa kwa mkono wake.

Leo tuko na diploma, tuko nyumbani.

Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na nyingi inatoka hapa kwetu. Mgodi wa kisasa unaishi kwa vipimo: hewa na gesi chini ya udongo, maji kwenye bwawa la uchafu, lori ziko wapi, mashine gani inapata moto sana. Kijana wa hapa anafika kuomba kazi, wanamuuliza: umetengeneza nini? Anaonyesha diploma. Kazi inaenda kwa mwingine, naye anarudi kuuza mega pembeni ya barabara.

Hatugombani na waprofesa. Wengi wanafundisha watu mia na chaki tu. Tunagombana na mtihani unaopima kumbukumbu, kisha unaitwa ufundi.

Wakubwa watasema: makuta hakuna. Kadi ndogo kama ESP32 haifiki hata dola 10, na wanafunzi wanne wanaweza kutumia moja. Kodi ya Madini ya 2018 inadai kila kompani itoe 0,3 kwa 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu na mgodi. Je, labo ya watoto wao si maendeleo?

Watasema tena: umeme unakatika. Ndiyo, unakatika, na Nzilo na Nseke ziko hapa karibu! Basi hilo liwe mtihani. Kikundi cha wanne kitengeneze chombo cha kupima maji ndani ya tanki ya mtaa. Siku ya jiri, profesa akate umeme, akate na rezo, angoje nusu saa. Vikirudi, vipimo vya ile nusu saa viko wapi? Vikipotea, pointi zinapotea. Kisha kila mmoja aitwe peke yake, abadilishe kitu kimoja kwenye programu mbele ya jiri. Hapo itajulikana nani alifanya kazi na nani alisinzia nyuma ya wenzake.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Moja: kwa kozi kama hii, nusu ya pointi itoke kwa chombo kinachofanya kazi, si kwa karatasi.

Mbili: viongozi wa jimbo na wanaosimamia ile 0,3 waseme wazi ni kiasi gani kilienda kwa shule na vyuo, na labo ziingie kwenye mpango.

Tatu: kompani zifungue milango ya staji ya kweli. Si kubeba kahawa wala kupiga fotokopi, hapana: kijana akae na fundi mbele ya mashine.

Na sisi wenyewe tujiseme. Wengi wetu tunanunua TFC, tunalipa mtu atuandikie, kisha tunalia hakuna kazi. Yaya anayefanya hivyo anamfungia mdogo wake mlango, sababu mwajiri akidanganywa mara moja, hataamini tena diploma ya Kolwezi. Tuache.

Shaba inayotoka kwenye udongo huu ndiyo inakuwa waya dunia nzima. Tunaiuza, inaondoka kwa malori, halafu tunabaki tunachora waya ubaoni. Hatutakubali kuchora tu. Tunataka kuunga.