Sigara, Usonji na Lugha ya Mafumbo

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kulisifu fumbo. Tumefunzwa kwamba usemi uliofumbwa ndio uliokomaa, na kwamba asemaye waziwazi huenda ameikosea lugha adabu. Katika ushairi na katika nasaha za wazee, sifa hiyo inastahili. Makala haya hata hivyo yananuia kudai kwamba kuna mahali ambapo fumbo hudhuru, na kwamba mahali penyewe si mbali nasi: ni katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, anapoishi mvutaji wa sigara mwenye usonji ambaye angependa kuacha.

Ikumbukwe kwamba usonji si wendawazimu, wala si laana au matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo maisha yake yote. Daktari Leo Kanner aliieleza katika makala yake ya 1943 nchini Marekani, na tangu 2013 wataalamu wengi huitazama kama hali moja yenye sura nyingi. Yuko asiyetamka neno, na yuko aliyehitimu chuo kikuu. Aghalabu kinachowaunganisha ni ugumu wa kufasiri ishara za kijamii zisizotamkwa, mapenzi ya ratiba isiyobadilika, na hisi ambazo hupokea sauti, mwanga, harufu au mguso kwa ukali au kwa uhafifu usio wa kawaida.

Tatizo letu la kwanza ni kwamba tukisikia usonji tunawaza mtoto. Autism Society of Kenya iliundwa 2003, na juhudi nyingi tangu hapo zimewalenga watoto na shule. Ni juhudi za kupongezwa. Lakini mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane wakati ule sasa ni mtu mzima wa takriban miaka thelathini. Huenda anaishi Umoja, Kayole, Dandora au Jericho. Ana simu mkononi na sarafu mfukoni. Wengi wa rika lake hawakuwahi kupimwa. Wamekua wakiitwa mazuzu, wakaidi au watu wa ajabu. Mtu huyu naye hupita mbele ya kibanda cha sigara kila siku kama sisi.

Je, huvuta? Utafiti uliofanywa Sweden na kuchapishwa 2003 ulionyesha kwamba wavutaji walikuwa wachache miongoni mwa wagonjwa wenye usonji kuliko katika umma kwa jumla. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, uliochapishwa 2017 na kuwahusu watu takriban 27,000 wenye usonji, ukabainisha upande wa pili: hatari ya kupata matatizo yatokanayo na vileo na dawa za kulevya ilikuwa takriban maradufu hata kwa wale wasio na ADHD wala ulemavu wa akili. Mnamo 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwauliza watu zaidi ya 2,000, wenye usonji na wasio nao. Iligunduliwa kwamba wenye usonji hawanywi pombe mara kwa mara kama wenzao, ila wanapotumia vileo au dawa, wana uwezekano mkubwa kuliko wenzao wa kufanya hivyo ili kuyatuliza maumivu ya nafsi, kuimudu mikingamo ya hisi, au kuficha hali yao wasitambulikane. Takwimu hizo ni za watafiti wa Ulaya. Hata hivyo, zinatufunza jambo: kwa mtu wa aina hii, ulevi wowote huwa na kazi maalumu unayoifanya. Asiyeitambua kazi hiyo hawezi kumsaidia kuacha.

Hebu tumbuni kijana mmoja wa Buruburu tuitazame kazi yenyewe. Asubuhi anashuka kituoni. Honi zinalia, muziki wa matatu unatikisa vioo, makanga wanaita abiria, na mabega ya watu yanamgusa kila upande. Kichwa chake hakichuji sauti hizo. Zote huingia pamoja. Anasogea pembeni na kuwasha sigara. Sasa ana sababu ya kusimama peke yake ambayo hakuna atakayemuuliza. Anavuta pumzi ndefu, anaitoa polepole, anairudia. Baada ya sekunde chache nikotini imefika ubongoni. Kisha anakuja mvutaji mwingine na kumwomba moto. Hayo ndiyo mazungumzo mepesi kuliko yote atakayokuwa nayo siku nzima, maana maneno yake yanajulikana tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hivyo, fegi hiyo moja imempa ukimya, mdundo, ratiba na mwenzi.

Mtu wa namna hii tunapotaka aache, tunamwambia nini? Mzazi humwambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana, ambaye huenda huyachukua maneno jinsi yalivyo, huitazama miguu yake na kuiona mizima. Anahitimisha kwamba onyo lile halimhusu. Mhubiri humwambia apambane na adui. Adui huyo ni nani, na yuko wapi? Rafiki humwambia ajikaze. Akaze kitu gani? Si wote wenye usonji ambao hukwama hivi, na wengine ni mabingwa wa methali. Lakini kwa wanaokwama, kila nasaha tuliyoipamba imekuwa mlango uliofungwa, nasi tunawalaumu kwa kutoingia.

Ninasema ni bora tumwambie waziwazi, na mambo ya kusema yapo. Kwanza, aelezwe mwili utafanya nini na kwa muda gani. Anayeacha nikotini hukasirika upesi, hukosa usingizi, huwa na wasiwasi na hushindwa kumakinika. Hali hii huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo, na kwa wengi hupungua baada ya majuma mawili hadi manne. Mtu anayependa kujua kitakachofuata huweza kuvumilia taabu yenye tarehe ya mwisho. Isiyo na tarehe humtisha. Jamaa zake nao waelezwe, ili ghadhabu za siku ya tatu wasiziite utovu wa adabu.

Pili, asinyang'anywe ratiba bila kupewa nyingine. Ikiwa sigara ya saa moja asubuhi ilimpa dakika tano za ukimya, dakika hizo zibaki palepale, saa ileile, bila moshi: pengine kwa kutumia viziba masikio, kutafuna kitu, kushika kijiwe mkononi, au kuendelea na ile pumzi ndefu yenyewe. Jamaa wanaoificha pakiti usiku na kuiita hatua hiyo msaada humwondolea mtu mhimili wa siku yake, kisha hushangaa inapoanguka.

Tatu, dawa za kusaidia kuacha zichaguliwe kulingana na hisi zake. Bandiko la nikotini huweza kuwasha ngozi. Asiyestahimili mguso wa lebo ya shati huenda asilivumilie. Ubani wa nikotini una ukali kama wa pilipili, mwingine atautema. Aonyeshwe vyote viwili na achague. Aidha, anayetumia dawa za akili kama vile olanzapini au klozapini amweleze daktari kabla ya kuacha. Moshi wa sigara huufanya mwili uzimalize dawa hizo upesi, na moshi ukikoma ghafla, kiwango chake katika damu hupanda na huenda kikahitaji kupunguzwa.

Upo msaada wa umma, ingawa umejengwa kwa kumwazia mtu mwingine. NACADA ina nambari ya simu isiyolipiwa, 1192. Ni huduma njema. Lakini kwa wengi wenye usonji, kumpigia simu mtu usiyemjua na kusubiri zamu ya kusema ni mlima. Makundi ya kutiana moyo nayo huhitaji mtu aketi katika duara na kusimulia hisia zake. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, unaosomwa kimya na kurudiwa mara kumi, ungewafikia wengi ambao simu na duara haviwafikii.

Hapa ndipo sheria inapotuunga mkono. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza uuzaji wa sigara mojamoja, ingawa vibandani huuzwa hivyo mchana kweupe. Sheria iyo hiyo ilitaka pakiti iwe na maonyo ya Kiingereza na ya Kiswahili. Yaani Bunge lilikiri kwamba lugha yetu ina wajibu katika afya ya mvutaji. Isitoshe, ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha, na ya kutumia njia za mawasiliano zinazomfaa. Kiswahili sahili, kilichopangwa hatua kwa hatua, ni mojawapo ya njia hizo.

Wapo watakaouliza: kwa nini tumpokonye maskini huyu faraja yake pekee? Swali hili lina huruma, ila limejengwa juu ya dharau iliyojificha. Linachukulia kwamba yeye hana haki ya kuishi miaka mingi kama sisi. Tumbaku huwaua hadi nusu ya watumiaji wake wasioacha, nayo haimbagui mwenye usonji. Uamuzi wa kuacha ni wake, wala si wa mama yake wala wa daktari. Lakini hawezi kuamua jambo ambalo hajaelezwa kwa lugha anayoielewa. Wengine watasema kwamba usahili huu utaiua ladha ya Kiswahili. Hawa ninawauliza wajaribu. Watagundua kwamba kuandika sentensi fupi, isiyo na maana mbili na isiyomtukana msomaji, ni kazi ngumu kuliko kutunga beti kumi za majigambo.

Tazama tofauti. Tunaweza kumwandikia mtu: "Zinduka, ivunje minyororo ya moshi!" Au tunaweza kumwandikia: "Leo utavuta sigara sita. Kesho utavuta tano. Usipovuta, utahisi hasira. Hasira hiyo husababishwa na ukosefu wa nikotini. Si kosa lako. Itapungua." Usemi wa kwanza ungeshangiliwa jukwaani. Wa pili huenda ukamfikisha mtu kesho akiwa na sigara moja pungufu.

Kwa hivyo, ninapendekeza kwamba chama chetu kiandae kijitabu cha kurasa chache kuhusu kuacha sigara, kwa Kiswahili sahili. Watu wazima wenye usonji waalikwe tangu mwanzo kutusomea rasimu na kutusahihisha, maana wao ndio wajuzi wa mahali ambapo maneno yetu yanakwamia. Mhudumu wa afya akague ukweli wa kitabibu. Wahadhiri wa isimu watusaidie kupima urefu wa sentensi na uwazi wa istilahi. Kisha nakala zipelekwe kwenye zahanati, maktaba na kumbi za mitaa kuanzia Makadara hadi Kayole.

Wanachama wenzangu, kila muhula tunafanya makongamano kuhusu ustawi wa Kiswahili. Huyu hapa msomaji ambaye hajawahi kuandikiwa, na anayejua kusoma. Rasimu ya kwanza haihitaji fedha wala kibali. Inahitaji watu wanne, meza moja na majuma mawili ya likizo.