Anayekataa Chupa Aheshimiwe

Ifikapo mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia benki, baa na grosari zilizo karibu na maofisi na mashule hujaa watu mapema kuliko siku nyingine. Hilo si jambo geni, na watu wazima wanaotumia pesa zao halali baada ya saa za kazi wanayo hiari yao. Jambo linalostahili kusemwa kwa uwazi ni jinsi anavyotendewa mtu mmoja katika meza hizo: yule aliyekuwa mnywaji mkubwa, na ambaye sasa ameamua kuacha.

Mtu huyo anafahamika katika kila idara na kila shule. Pengine ni karani aliyeonywa na wakuu wake kwa utoro wa kila Jumatatu. Pengine ni mwalimu aliyeambiwa na daktari kwamba ini lake halitastahimili mwaka mwingine wa pombe. Amekaa miezi mitatu bila kuonja hata tone. Huonekana mezani pamoja na wenzake kwa sababu huko ndiko mazungumzo ya kazi yanakohamia jioni. Akiagiza soda, kicheko huzuka. Huulizwa kama ameokoka, kama mkewe amempiga marufuku, au kama yuko kwenye dozi. Kisha mmoja wao humfungulia bia bila kumuuliza, huiweka mbele yake, na kutangaza kwamba bia iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi kaunta. Akinywa, hupigiwa makofi. Asipokunywa, huitwa mwenye maringo. Aliyeitoa bia hiyo hujiona mkarimu, kumbe amemtendea mwenzake ukatili.

Matokeo yake yanajulikana. Bia moja huzaa ya pili, na miezi mitatu ya jitihada hupotea katika usiku mmoja. Wiki inayofuata mwalimu hayupo darasani, watoto wanapiga kelele, na nyumbani ada na unga havikununuliwa. Hatimaye shauri lake hufikishwa mbele ya wakubwa, kwani ulevi kazini ni kosa la nidhamu. Si ajabu basi kumkuta miongoni mwa wanaomhukumu yule yule aliyemfungulia chupa!

Wako wanaodai kwamba mtu aliyeacha kwa dhati hawezi kutishwa na chupa, na kwamba akirudia kunywa ni ushahidi kuwa hakuwa na nia. Hoja hii haina msingi. Ubongo wa mtu aliyekunywa kwa miaka mingi huifungamanisha pombe na vitu vinavyoizunguka: harufu ya nyama choma, muziki wa baa fulani, saa kumi na mbili jioni, uso wa rafiki, mlio wa kizibo. Vitu hivyo humwamshia hamu hata baada ya miezi mingi, apende asipende. Hamu hiyo huja kama wimbi. Hupanda, kisha hushuka, na aliyeacha anaweza kuivuka iwapo hakuna anayeichochea. Kumwekea chupa iliyo wazi wakati wimbi limepanda ni sawa na kumsukuma mtu anayevuka mto.

Huko Marekani, mwaka 1935, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith, wote wawili wakiwa walevi waliokwisha kushindwa mara nyingi, walianzisha chama cha Alcoholics Anonymous kwa sababu walitambua kwamba mlevi hupata nguvu ya kuacha akiwa pamoja na mwenzake anayemwelewa. Wahenga wa hapa nchini walilijua jambo hilo zamani waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Wengine hujificha nyuma ya mila. Husema kwamba Wachaga wana mbege yao ya ndizi na ulezi, Iringa na Njombe wana ulanzi, na watu wa Pwani wana tembo la mnazi. Hivyo anayekataa pombe anawakataa wenzake. Huu ni upotoshaji. Mbege huchukua siku kadhaa kutengenezwa, na katika mila ilikuwa na shughuli yake: posa, matambiko, au shukrani kwa waliosaidia kazi. Bia ya kreti haina msimu wala shughuli. Inapatikana kila jioni na kila kona. Tena, mila ya ukarimu ni kumpa mgeni kinachomfaa. Hakuna mwenyeji mstaarabu anayemlazimisha mgonjwa wa kisukari kunywa chai iliyojaa sukari, kisha akamcheka kwa kukataa.

Lililo baya zaidi ni kwamba jamii inajua vizuri sana namna ya kumheshimu asiyekunywa. Mwislamu akisema kwamba dini yake haimruhusu, au Msabato akisema vivyo hivyo, mazungumzo huishia hapo. Hakuna anayemfungulia bia kwa nguvu, na soda yake huletwa bila masimango. Iweje basi anayesema kwamba afya yake haimruhusu ahojiwe kama mshitakiwa? Heshima ipo tayari. Inanyimwa mtu anayeihitaji kuliko wote.

Serikali imechukua hatua zake. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza. Tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba, zilizokuwa zikinunuliwa hata na wanafunzi kwa sarafu chache, zilipigwa marufuku. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 2.6 walikufa duniani mwaka 2019 kwa sababu ya pombe, na mwaka 2023 lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisichokuwa na madhara kwa afya. Lakini hakuna sheria inayoweza kuketi mezani na kumzuia rafiki asimshurutishe rafiki. Kazi hiyo ni ya watu wenyewe, na watumishi wa umma na walimu, wanaoigwa na vijana, hawana budi kutangulia.

Mambo ya kufanya si magumu. Vikao vya kamati za harusi, ambavyo siku hizi hufanyiwa baa, vinaweza kufanyika katika ukumbi wa shule, ofisini, au chini ya mwembe. Mkuu wa idara asiigeuze baa kuwa ofisi ya pili, mahali ambapo uhamisho na vyeo huzungumzwa, na asiyekuwapo hukosa habari. Katika sherehe za kuwaaga wastaafu, maji na soda viwekwe mezani mapema na kwa heshima ile ile inayopewa bia. Na anayesema hapana mara moja, asiulizwe mara ya pili.

Aliyeacha naye ana wajibu wake. Harusi na misiba havitakwisha, wala hawezi kujifungia ndani maisha yake yote. Ni vema aende akiwa ameshiba, afike mapema, na aondoke kabla kelele hazijapanda. Ashike bilauri yake ya maji au soda tangu mwanzo, kwani mkono mtupu hualika chupa. Jibu lake liwe fupi: "Ahsante, situmii." Maelezo marefu huzaa mabishano. Awe na mwenzake mmoja anayejua azma yake. Siku ya mshahara apite njia nyingine, na pesa za nyumbani zifike nyumbani kwanza. Akiteleza, asisubiri Jumatatu. Arudi kwenye azma yake siku ile ile. Ila yule aliyekuwa akinywa sana kila siku asiache ghafla peke yake, maana anaweza kupatwa na kutetemeka, hata degedege la kuhatarisha maisha. Huyo aanzie hospitali.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja ulevi miongoni mwa mambo yanayopoteza nguvu za watu ambazo zingelijenga Taifa. Tangu hapo mengi yamebadilika nchini, lakini ukweli huo haukubadilika. Kila mtumishi anayeiacha pombe ni nguvu iliyookolewa, na kila anayemrudisha nyuma kwa mzaha anaipoteza nguvu hiyo. Kumheshimu anayekataa chupa hakuhitaji bajeti, wala mfadhili, wala waraka kutoka wizarani. Mwisho wa mwezi huu, kwenye meza ile ile, mwenzao akiagiza soda, wenzake na waiache soda hiyo iletwe, na mazungumzo yaendelee.