JINA LA MKULIMA NA MAHINDI YA MKULIMA

Bwana Mizengo Pinda alipofanywa Waziri Mkuu, Februari 2008, nchi nzima ilimjua kwa jina la Mtoto wa Mkulima. Wala halikuwa jina la uongo. Alizaliwa mwaka 1948 katika nchi ya Mpanda, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hata ulipokatwa Mkoa wa Katavi mwaka 2012. Akasoma sheria, akatumikia Ikulu miaka mingi, na mwaka 2000 watu wa kwao wakampeleka Bungeni. Sisi hatuna ugomvi na nasaba yake.

Twauliza hili tu: jina hilo lilimfaa nini mkulima mwenyewe, yule aliyebaki na jembe lake kule Mwimbi, katika nyanda za Ufipa? Wafipa walikuwa wakifukia majani katika matuta ili kuirutubisha ardhi kabla Bwana Shamba yeyote hajafika kwao. Hawa si watu wa kufundishwa kulima. Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, ikanena habari za matrekta na mbolea, tulisema vyema. Mwaka 2011 Serikali hiyo hiyo, Mtoto wa Mkulima akiwa Waziri Mkuu, ikapiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi.

Mwimbi leo imo katika Wilaya ya Kalambo, inayopakana na Zambia. Mpaka ukifungwa, wanunuzi hupungua, na anayebaki ndiye apangaye bei. Mkulima wa karafuu wa Pemba hahitaji kuelezwa jambo hili.

Watetezi watasema kwamba mwaka ule ukame ulishika Pembe ya Afrika, na chakula kilipaswa kuhifadhiwa. Ni kweli, twakubali. Lakini kwa nini gharama ya hifadhi ya taifa zima abebeshwe mwenye magunia peke yake? Serikali ikitaka mahindi yake na iyanunue kwa bei ya soko, fedha mkononi, wala isimfungie njia.

Bwana Pinda alitoka madarakani mwaka 2015, akashika kilimo na ufugaji wa nyuki huko Zuzu, Dodoma. Sasa ni mkulima khasa, si mtoto wa mkulima tu. Basi twamwuliza kwa heshima: akiambiwa msimu huu kwamba asali yake isivuke mpaka wa Dodoma, atakubali?